Tundu la Daraja la Valbrune

"Jina jipya halizibi tundu." Mmeisikia kwa fundi cherehani, mkacheka, halafu mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Kasanda, zima hiyo simu. Nimefundisha historia miaka thelathini na mmoja na sijawahi kushindana na simu. Msiniulize methali ilivukaje bahari, maneno hayaombi pasipoti. Ila mwanzo wake, kama nilivyousikia mimi, ni huu.

Huko Ufaransa palikuwa na kijiji kiitwacho Valbrune, mto umekipasua katikati. Juu ya mto kulikuwa na daraja jembamba la mbao, na katikati ya daraja, tundu la kumeza mbuzi mzima. Mkunga wa kijiji, Perrine, aliishi ng'ambo hii, na wajawazito wengi waliishi ng'ambo ile. Kila mtu aliposhikwa na uchungu, Perrine alikusanya sketi yake akaliruka tundu. Usichanani aliliruka akicheka. Alipofika arobaini aliliruka akisali, maana alishaanguka mara moja, na mguu wake wa kushoto haukupona sawasawa.

Wanakijiji walikuwa wamemwandikia mfalme kuomba mbao. Kikaja kibao kizuri, kirefu, kimeandikwa DARAJA LA MFALME, kikatundikwa juu mlangoni mwa daraja, ng'ambo hii. Mbao, hakuna.

Mara watu wakampindua mfalme, na kichwa wakamkata, nchi ikawa jamhuri. Perrine alifurahi kwelikweli, akasema sasa serikali ni yetu, tutapata mbao. Akaja mpaka rangi wa serikali, akapaka juu ya jina la zamani, akaandika DARAJA LA WANANCHI, akaondoka. Haikupita miaka mingi jenerali mmoja akajitawaza kaizari. Mpaka rangi huyo! DARAJA LA KAIZARI. Kaizari akashindwa vita, ufalme ukarudi kwa mdogo wake yule aliyekatwa kichwa. Kabla hajakaa vizuri kitini, kaizari akatoroka kisiwani alikofungwa, akarudi kutawala siku mia moja hivi, akashindwa tena, na mfalme akarudi tena. Mwaka huo mpaka rangi hakuona hata haja ya kwenda kwao. Alijenga kibanda palepale darajani.

Basi akateuliwa mkuu mpya wa wilaya, Bwana Garnot, mtu wa tumbo na hotuba. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ile, na yeye mwenyewe alivuka kwa mashua, kwa hiyo tundu alilisikia tu kwenye barua za malalamiko. Siku ya kuzindua jina jipya, yaani lile lile la zamani, DARAJA LA MFALME, wasaidizi wake walitandika zulia jekundu juu ya daraja zima. Tundu nalo likafunikwa. Aibu gani hiyo, jamani!

Bwana Garnot yuko katikati ya hotuba, upande huu wa mto, mara mpishi wake akapiga kelele kutoka ng'ambo: "Mama Perrine! Njoo upesi! Mke wa mkuu ameshikwa na uchungu, na mtoto anatanguliza miguu!"

Hotuba ilikatika hapohapo. Bwana Garnot alikimbia juu ya zulia.

"Mheshimiwa, simama!" Perrine alipiga ukelele.

Wapi! Alipofika katikati alizama mpaka kwapani, miguu ikaning'inia juu ya maji.

"Nitoeni!" akalia. "Kwa jina la Mfalme, nitoeni!"

"Si hilo hapo juu, limeandikwa kwa dhahabu?" Perrine akamwambia. "Lishike likuvute."

"Mama, mke wangu atakufa!" Sasa alikuwa analia machozi kabisa, na Perrine akaona huruma. Yeye na mpaka rangi wakamshika mikono, wakamvuta mpaka akatoka, suruali imebaki kwenye msumari. Lakini mbao za pembeni zilikuwa zimevunjika naye, na sasa tundu lile hata kijana asingeliruka, sembuse mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye mguu mbovu.

Perrine akatazama huku na huku, akaelekeza kidole kwenye kibao. "Kishusheni kile. Kitafika."

Mpaka rangi akashtuka. "Jina la Mfalme likanyagwe? Nitafungwa!"

"Mheshimiwa, amua wewe," Perrine akasema. "Likanyagwe jina, au mkeo ajifungue peke yake."

Bwana Garnot alikipanda kibao akiwa na chupi tu, akaking'oa kwa mikono miwili, akakilaza juu ya tundu. Perrine akapita juu ya Mfalme, juu ya Kaizari, juu ya Wananchi, matabaka yote ya rangi, na mguu wake mbovu haukutetereka. Jua halijazama, mtoto wa kike alikuwa analia na mama yake anaomba supu.

Wiki ile ile zililetwa mbao za mwaloni, na daraja likatengenezwa.

Miaka kumi na mitano ikapita. Paris wakamfukuza mfalme mwingine, ndugu yake wa mbali akachukua kiti. Mjumbe akafika Valbrune na ndoo ya rangi, akamkuta Garnot, sasa mzee na meya wa kijiji, amekaa darajani na binti yake.

"Nimeleta jina jipya la daraja," mjumbe akasema.

Garnot akainuka, akachungulia ndani ya ndoo, akachungulia na nyuma ya gari lake la farasi. "Na mbao umeleta ngapi?"

"Mbao? Sikuambiwa habari za mbao."

"Basi rudi nazo rangi zako, mwanangu," mzee akamwambia. "Jina jipya halizibi tundu."