Pimbi Aliyejibu Hodi Yake Mwenyewe

Nina hadithi mdomoni, niitoe nisiitoe?

Itoe!

Na atakayesinzia?

Tumfinye!

Haya, mmesema wenyewe. Hapo kale, kale sana, alikuwapo pimbi mmoja, Mzee Kibwana, akiishi kwenye jabali na mkewe, binti yake Zawena, na mwanawe Mbaruku. Zawena na Mbaruku ni baba mmoja, mama mmoja. Jabali lile lilizungukwa na majani matamu, na Mzee Kibwana alikuwa mchoyo, mchoyo hasa. Kila mposaji alimfukuza, akihofia wakwe watakuja kumlia majani yake.

Siku moja akasema, "Zawena, utaolewa na Mbaruku. Majani yetu yabaki kwetu."

"Sitaki, baba. Mbaruku ni kaka yangu."

"Nikisema nimesema."

Mama akalia. Mbaruku akainamisha kichwa, maana alimwogopa sana baba yake. Lakini Zawena, jamani, hakuwa wa kulia pembeni. Akasema, "Basi niposwe kama wenzangu, mbele ya majirani."

Wakaitwa majirani. Akaja sungura, akaja digidigi, akaja kanga na wanawe. Wakakaa.

Zawena akasema, "Baba wa bwana harusi hupiga hodi. Toka, baba, upige."

Mzee Kibwana akatoka. "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya.

"Baba wa bibi harusi ndiye anayekaribisha," akasema Zawena. "Mbona yuko nje?"

Mzee akaingia mbio, akasema, "Karibu," akatoka tena mbio ili aingie. Kanga alicheka mpaka akaanguka chali. Mzee akanuna, akasema, "Endeleeni."

Zawena akamgeukia mama. "Kwetu mama hamtazami mkwewe usoni, wala hali naye. Kuanzia leo Mbaruku ni mkweo. Jifunike, mama."

"Nimfiche uso mtoto niliyemnyonyesha?" akasema mama. "Siwezi."

"Endeleeni," akasema mzee.

Zawena akasimama mbele yake. "Baba, nikizaa mtoto, akapigwa na baba yake, atakimbilia wapi?"

"Kwa mjomba wake."

"Mjomba wake nani?"

Mzee Kibwana akamtazama Mbaruku. Safari hii hakucheka mtu.

"Mwanangu atakuwa hana pa kukimbilia," akasema Zawena. "Huyo anayempiga ndiye huyo wa kumtetea. Nifukuze, ninyime chakula, fanya utakavyo. Siolewi na kaka yangu."

Ndipo Mbaruku akainua kichwa. "Na mimi simuoi. Mimi ni mjomba wa watoto wake."

"Basi tokeni kwenye jabali langu!"

Wakatoka. Alitoka Zawena, alitoka Mbaruku, na mama naye akatoka. Zawena akaolewa jabali la mbali, kwa watu wengine kabisa, akazaa watoto wenye afya. Mzee Kibwana akabaki na majani yake, anakula peke yake. Siku tai aliposhuka, hakukuwa na wa kumpigia mzee kelele akimbie, akabebwa.

Sasa nisikilizeni, na anayetaka kununa anune. Ndugu haoi ndugu. Wafugaji wanalijua, ndiyo maana huazimana madume, zizi lisidhoofike. Na mzazi akiamuru jambo la aibu, mtoto ana haki ya kukataa, tena akatae kwa sauti, mbele ya watu.

Hadithi nimeitua hapa mkekani. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka airuke akalale.