Vichakani Walivyokwenda Kuwazomea Ngiri

Paukwa.

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa tena.

Pakawa. Haya, sasa naweza kuanza.

Hadithi hii sikusimuliwa na bibi wala babu. Niliiona mwenyewe, kwa macho haya mawili, nimekaa juu ya mgunga, mwiba umenichoma hapa pajani. Kovu ninalo. Wakubwa nitawaonyesha, watoto hapana. Shule niliachia darasa la nne, lakini kuhesabu mpaka kumi na nne najua vizuri, na hadithi hii haitaki zaidi ya kumi na nne. Tena niseme mapema: inanikasirisha. Kila nikiisimulia inanikasirisha. Nikipandisha sauti msidhani nawagombeza nyinyi.

Zamani hizo wanyama walikuwa wanaongea, na walikuwa wanacheza mpira wa rungu. Mmoja anarusha, mmoja anapiga. Mpira wenyewe ni tunda la mtonga, gumu kama jiwe. Ukilipiga, unakimbia. Kichuguu cha kwanza, kichuguu cha pili, kichuguu cha tatu, halafu nyumbani. Ukifika nyumbani hujaguswa na mpira, umepata. Ukiguswa, toka ukakae. Mchezo ni huo, hauna mengine.

Timu zilikuwa nane. Kila timu inakutana na kila timu mara mbili. Hesabu mwenyewe: mechi kumi na nne. Mvua zikianza, ligi inaanza. Mvua zikiisha, ligi inaisha. Na zawadi haikuwa kikombe. Zawadi ilikuwa kisima. Timu nne za juu zinakunywa Kisima cha Mwamba kiangazi chote. Nne za chini zinakwenda kunywa mtoni, na mtoni yupo Mamba.

Ilikuwepo timu ya wadogo, inaitwa Vichakani. Nahodha wao na mrushaji wao alikuwa Nyegere: mfupi, mgongo mweupe, hasira karibu. Akirusha yeye unasikia vuuu, halafu pa, na mpigaji bado anatafuta mpira uko wapi. Kichuguu cha kwanza alikilinda Kobe, ambaye hakimbii, lakini pia haondoki. Mkimbiaji wao mkubwa alikuwa Digidigi. Kiangazi kilichopita Digidigi alikwenda mtoni na watoto wawili, akarudi na mmoja. Na mpiga hesabu wa timu alikuwa Nungunungu, ambaye alipenda kuitwa Mwalimu. Wengine ni Pimbi, Kicheche, Kindi, Nguchiro na Kanga. Hao kazi yao kelele, mtawasikia.

Basi ligi ikafika katikati. Mechi saba zimechezwa, saba zimebaki. Vichakani wameshinda tatu, wamefungwa nne. Wako nafasi ya tano. Mbele yao tu, nafasi ya nne, wako Ngiri, wameshinda nne. Timu tatu za juu ziko mbali huko, hazishikiki, tuachane nazo. Vita ilikuwa kati ya Vichakani na Ngiri. Na kanuni ilisema, mkilingana anapita aliyemfunga mwenzake. Ngiri walikuwa wameshawafunga Vichakani.

Nyegere akaita kikao.

"Tumebakiza saba," akasema. "Tukishinda tano tutapita. Kesho asubuhi mazoezi. Kindi, rungu unalishika kama mwiko wa ugali. Kanga, mpira ukija unafumba macho. Tutayarekebisha."

"Ngoja kwanza, Nahodha," akasema Nungunungu. "Mimi nimepiga hesabu."

Akaanza kuchomoa miiba mgongoni. Chwap. Chwap. Chwap. Akaipanga chini, mmoja mmoja.

"Huu ni Ngiri na Fisi. Ngiri wanafungwa. Huu ni Ngiri na Nyumbu. Wanafungwa. Huu ni Ngiri na Nyani. Nyani wana mikono, Ngiri wana kwato, wanafungwa. Ngiri wakifungwa sita, sisi tukishinda tatu tu tumepita. Nafasi yetu ni nzuri sana, jamani."

"Na mechi zetu?" akauliza Nyegere. "Miiba ya mechi zetu iko wapi?"

"Zetu si tunazo wenyewe, Nahodha. Hazitaki mwiba. Za kuangaliwa ni hizi za watu."

Wote wakapumua. Digidigi akasogea karibu na ile miiba, akainusa.

"Kwa hiyo mwanangu haendi mtoni, Mwalimu?"

"Haendi, dada yangu. Lakini lazima Ngiri wafungwe. Twende tukawasaidie kufungwa."

"Tutawasaidiaje?"

"Tutawazomea."

Wakacheka, wakapiga makofi. Nyegere alikuwa na rungu mdomoni. Kra.

"Usikasirike, kaka," akasema Pimbi.

"Sijakasirika," akasema Nyegere, na rungu limekatika vipande viwili.

Siku ya Ngiri na Fisi, Vichakani wakaenda. Wakapanga mstari pembeni ya uwanja. Mrushaji wa Ngiri akiinua kwato tu, uuuu. Mpigaji wa Ngiri akishika rungu tu, uuuu. Ngiri wakafungwa. Vichakani wakapiga ngoma mpaka jua linazama, ndi ndi ndi, ndi ndi ndi.

Asubuhi mazoezini akaja Nyegere, akaja Kobe.

"Wengine wako wapi?" akauliza Nyegere.

"Wamelala. Sauti zimekauka," akasema Kobe.

Siku ya Ngiri na Nyumbu wakaenda tena. Uuuu. Ngiri wakafungwa. Ndi ndi ndi. Asubuhi mazoezini akaja Nyegere, akaja Kobe.

Nyegere akaenda kuwatoa vichakani, mmoja mmoja, kwa masikio.

"Jana mlikuwa mnasherehekea ushindi wa nani?"

"Wa Nyumbu, Nahodha," akasema Kicheche kwa sauti ya chura.

"Nyinyi ni nyumbu?"

Swali lilikuwa gumu.

Na mimi kule juu ya mgunga nilikuwa nasaga meno. Maana nikiwatazama wakicheza mechi zao wenyewe, niliona mambo ya aibu. Kindi bado anashika mwiko wa ugali. Kanga bado anafumba macho. Walipokutana na Ngiri mara ya pili, miguu imechoka kwa ngoma za jana, wakafungwa tena. Katika mechi sita walishinda mbili. Mbili. Lakini Ngiri nao walizomewa vizuri, katika sita wakashinda moja tu, na hiyo moja ni ile ya Vichakani, maana na Pundamilia, timu ya mkiani, walishacheza mara zote mbili huko mwanzo. Kwa hiyo mechi kumi na tatu zilipokwisha, hawa wameshinda tano, wale wameshinda tano.

Siku ya mwisho ikafika. Nungunungu sasa mgongo uko wazi kama kuku aliyenyonyolewa, amebakiza miiba michache tu shingoni.

"Yanatakiwa mawili," akasema. "La kwanza, Ngiri wafungwe na Mbwa Mwitu. La pili, sisi tuwafunge Pundamilia. Pundamilia wamefungwa mechi zote kumi na tatu, hilo la pili limeisha. Ngiri wanacheza asubuhi, sisi tunacheza adhuhuri. Tunakwenda, tunazomea, tunarudi."

Nyegere akasimama katikati ya njia, miguu ameitanua.

"Leo hapana. Leo haendi mtu."

Digidigi akaja mbele. "Kaka Nyegere, Ngiri wakishinda leo, hata tukiwafunga Pundamilia mara mia tunakwenda mtoni. Katika hawa wote, anayejua mtoni kukoje ni mimi."

"Na usipowahi kurudi?"

"Nitarudi. Miguu yangu unaijua."

Nyegere akamtazama. Akapisha njia.

Alipisha. Hapo ndipo ninapotaka kutupa kitu. Mnyama anayepigana na nyuki akala asali yao, anapishaje kwa maneno ya digidigi? Lakini alikumbuka yule mtoto wa mtoni. Akapisha.

Wakaenda saba. Wakabaki wawili, Nyegere na Kobe.

Kule kwa Ngiri, mwamuzi alikuwa Tai, na Tai hapendi kelele. Vichakani wakizomea, Tai anainua bawa. "Simamisheni." Mchezo unasimama. Wakinyamaza, mchezo unaendelea. Uuuu. "Simamisheni." Uuuu. "Simamisheni." Mechi ya kuisha asubuhi ikaanza kula mchana. Walioirefusha ni wao wenyewe, kwa makoo yao.

Digidigi akatazama kivuli chake, kimekuwa kifupi chini ya tumbo.

"Mwalimu, tuondoke."

"Ngiri wako mbele kwa moja, dada. Tukiondoka sasa wanashinda. Bado kidogo tu."

Digidigi akapiga hatua mbili kuondoka. Mpigaji wa Ngiri akashika rungu. Digidigi akageuka, akazomea kuliko wote.

Kwenye uwanja wa Vichakani, mwamuzi Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Pundamilia tisa wamejipanga. Upande wa pili yuko Nyegere, yuko Kobe.

"Nahodha," akasema Korongo, "timu ni tisa. Nawaona wawili."

"Wanakuja."

"Kivuli cha kile kichuguu kikigusa mguu wangu, naamua."

"Tutacheza wawili. Mimi narusha, Kobe analinda."

"Timu ni tisa, Nahodha."

Kivuli kikatambaa. Nyegere akatazama njia. Kivuli kikatambaa. Kobe akatazama njia. Hakuna vumbi, hakuna kwato. Kivuli kikagusa mguu wa Korongo. Korongo akabadilisha mguu, labda kwa huruma. Kikagusa na ule wa pili.

"Pundamilia wameshinda," akasema.

Nahodha wa Pundamilia akaja, kichwa chini. "Utusamehe, Nahodha. Sisi hatujawahi kushinda. Tunaomba tufurahi kidogo. Tutakwenda kufurahia kule mbali."

Nyegere akachukua tonga, akarudi nyuma, akarusha. Vuuu. Pa. Kichuguu cha tatu kikakatika katikati, mchwa wakamwagika kama uji.

Ndipo wakaja wale saba, wanaimba: "Ngiri wamelala, hee, Ngiri wamelala." Maana Ngiri kweli walifungwa. Hesabu ya Nungunungu ilitoka yote kama alivyoipanga.

"Haya, Nahodha," akasema Nungunungu, "mechi inaanza saa ngapi?"

"Imekwisha," akasema Kobe.

"Nani kashinda?"

"Waliokuja."

Wimbo ukakatika. Wako sawa na Ngiri, tano kwa tano, na mkilingana anapita aliyemfunga mwenzake.

Nyegere akamgeukia Digidigi. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi niliogopa sauti ile kuliko kama angepiga kelele.

"Uliniambia nini pale njiani?"

"Nilisema nitarudi."

"Umerudi," akasema Nyegere, akaondoka zake.

Kiangazi kikaja. Ngiri wakanywa Kisima cha Mwamba, wakajigaragaza na matope juu. Vichakani wakashika njia ya mtoni na ndimi nje. Lakini walipofika ukingoni, walimkuta Nyegere ametangulia, yumo majini mpaka kifuani, anampiga Mamba puani kwa rungu. Po. Po. Mamba akarudi nyuma. Nyegere akasema, "Nimewasamehe, ndugu zangu, njooni mnywe." Wakalia wote, wakanywa, mtoto wa Digidigi akanywa, wakarudi nyumbani pamoja.

Funzo ni hili, na nalisema wazi asije mtu akaniambia hakusikia: ukiwa na kazi yako na mwenzako ana kazi yake, maliza kwanza yako. Ukishinda kutwa unamwombea mwenzako aanguke, anaweza akaanguka kweli, na bado usipate kitu. Mjinga mkubwa wewe.

Mimi yangu yamekomea hapo mtoni.

Ila kuna moja nimelitunga. Mengine yote ni kweli, kovu ninalo. Kule kusamehe ni mimi nimekutia, kwa sababu ya hawa watoto. Nyegere alikuwemo majini, hilo niliona, na alimzuia Mamba mpaka mtoto wa Digidigi akashiba. Lakini hakusema nimewasamehe. Hakusema neno. Mtoto alipoinua kichwa, Nyegere alitoka upande wa pili wa mto, akajikung'uta, akaenda. Mpaka leo anatembea peke yake.