Kijana Aliyepewa Ghala la Chumvi

"Ghala hulindwa na kinywa, si ndevu."

Methali hii mmeisikia asubuhi ukumbini, pale wanahisa walipokuwa wakivutana juu ya yule binti anayetakiwa kuwa mkuu wa fedha wa kampuni yetu ya chumvi. Mmoja alisema bado mtoto, hajaona kitu. Mwingine akasema ana shahada mbili, mnataka nini tena? Ndipo bibi mmoja wa viti vya nyuma alipoitupa methali hiyo katikati yao, kisha akaendelea kutafuna karanga zake. Sasa ninyi vijana mmenifuata huku kwenye chai mkitaka kujua imetoka wapi, maana kinywa mnachokijua ninyi ni cha kulia tu. Haya, vuteni viti. Mkutano hauwezi kuendelea bila mwenyekiti, na mwenyekiti ni mimi, na chai yangu bado ya moto.

Methali hii ilianza hivi.

Zamani, kabla ya reli na kabla ya noti, katika bonde la Nyamuhoza chumvi ndiyo iliyokuwa fedha. Kiangazi kikishika, watu walichota maji ya chemchemi za chumvi, wakayachemsha kwenye vyungu mpaka yakakauka, wakaifunga chumvi mizigo mizigo kwa majani na kamba za magome. Walikuwa na chama chao. Kila jiko la kuchemshia lilitoa fungu, na mafungu yote yakawekwa katika ghala moja. Masika yakija, mto ulifurika ukazifunika chemchemi, na hakuna aliyechemsha tena. Hapo ndipo akiba ya ghalani ilipotolewa kidogo kidogo kununulia mtama kwa watu wa ng'ambo. Akiba ikiisha kabla mvua hazijaisha, watu walichimba mizizi. Mwaka mmoja iliisha mapema sana, wakazika watoto, na hakuna aliyeeleza iliishaje.

Mwaka uliofuata, masika yakikaribia, mtunza ghala akafariki. Macho yote yakamgeukia Gwasa. Gwasa alikuwa msaidizi wa marehemu tangu ujana wake, na ndevu zake zilifika kifuani. Kabla ya kusema neno alizishika kwanza, utadhani anaziomba ruhusa. Hata mkewe alikuwa amekwisha kuanza kuitikia salamu kwa sauti ya mke wa mtunza ghala.

Lakini mkuu wa chama, Mzee Rusimbi, alisimama barazani akamtaja Bukuru.

Bukuru! Kijana asiye na unywele kidevuni, mtoto wa mjane, aliyekuwa amepima chumvi kiangazi kimoja tu.

"Mkono wake mwepesi, na hana tamaa," Rusimbi alisema.

"Tangu lini ndama akachunga ng'ombe?" wazee walinung'unika. Lakini Rusimbi ndiye aliyekuwa akigawa majiko pale chemchemini, na nani anataka kugombana na mgawa majiko? Bukuru akapewa ghala. Gwasa alimkuta mlangoni akijifunza kufunga kamba, akamtazama, akasema, "Hesabu utaijua, kijana. Hesabu siyo kazi." Kisha akapita. Bukuru alidhani ni wivu tu.

Ugeni wake haukuchelewa kuonekana. Aliipanga mizigo kwenye ukuta unaopigwa na upepo, na mvua ya kwanza ilipokuja, ukuta ukalowa na mizigo ya chini ikayeyuka. Asubuhi Bukuru alikuta sakafu imegeuka tope la chumvi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia humo, na angenyamaza nani angejua? Lakini alikwenda barazani akasema mwenyewe kwamba ameharibu chumvi ya watu, tena kwa ujinga wake.

Wazee wakapata pa kusemea. Si tulisema? Afukuzwe leo hii! Rusimbi peke yake ndiye aliyesimama upande wake, akapiga fimbo chini, akasema kijana aliyekiri hatafukuzwa yeye akiwa hai. Bukuru alilia machozi ya shukrani. Kuanzia siku ile alimwona Rusimbi kama baba aliyemzaa mara ya pili.

Sasa sikilizeni desturi ya Nyamuhoza, maana mambo yote yaliharibikia hapo. Kijana wa kule hakumwambia mzee "hapana". Aliinamisha kichwa akasema, "Nimesikia, baba," na mzee akajua shauri limekwisha.

Katikati ya masika, Rusimbi alikuja ghalani mchana, peke yake, akasimama nje ya kizingiti.

"Bukuru mwanangu. Wakwe zangu wa ng'ambo wanadai mahari ya mwanangu iliyobaki. Isipofika, wanamchukua binti yao. Nataka nusu ya akiba hii. Kiangazi nitairudisha."

Nusu! Watu walikuwa na mtama wa kuonja tu majumbani, na mvua ilikuwa bado mbichi.

"Baba, lakini mtama..."

"Mtama utapatikana. Nani alikusimamia siku ile walipotaka kukufukuza?"

"Ni wewe, baba."

"Na lile jiko la mama yako, nani alimpa?"

Bukuru akainamisha kichwa. "Nimesikia, baba."

Moyoni hakuwa amekubali. Alitaka muda tu, apate kufikiri, labda apate mtu wa kumshauri. Lakini Rusimbi alimpiga bega kwa furaha akaenda zake.

Jioni alimweleza mama yake. Mama aliuweka mwiko chini.

"Umekubali?"

"Sikukubali, mama. Nimesema nimesikia tu."

"Mwanangu, hapa kwetu huko ndiko kukubali. Hivi tunavyozungumza, ng'ambo wameshapata habari."

"Nikikataa sasa atakunyang'anya jiko. Tutaishije?"

Mama aliuacha ugali ukaanza kuungua. Alikuwa na hofu, na hakuificha. Mwishowe akasema, "Jiko ni langu, nitalililia mwenyewe. Ghala si langu."

Asubuhi yake wapagazi wakashuka na miti yao ya kubebea mabegani. Mbele yao alitembea mkwe mkuu, mzee mwembamba aliyevaa vazi la sherehe, na jamaa zake nyuma. Watu wa majiko yote wakatoka kutazama, wengi wao wakidhani ni wageni wa heri tu. Rusimbi aliwapokea, akawaongoza mpaka ghalani, akasema kwa sauti ya mtu mwenye neema, "Fungua, mwanangu."

Bukuru alikuwa ameuegemea mlango kwa mgongo.

"Baba, siwezi."

Rusimbi alitabasamu kama asiyesikia. Akasogea karibu. "Jana umesema umesikia."

"Nilisikia, baba. Nilikosa, sikukujibu. Jibu langu ndilo hili. Siwezi."

"Unaniaibisha mbele ya wakwe zangu."

"Naona, baba. Nisamehe sana. Siwezi."

Wanawake wawili wakalicheka lile "siwezi" la tatu, kisha wakaacha, maana uso wa Rusimbi ulikuwa umebadilika.

"Unadhani nilimwacha Gwasa kwa nini?" alisema, akiuma meno. "Mzee mwenzangu simwombi bure, atataka fungu lake. Wewe nilikuweka hapa kwa sababu hujui kukataa!"

Alikusudia kunong'ona, lakini hasira haijui kunong'ona. Waliosimama mbele wote walisikia. Bukuru naye alisikia, na likamuuma kuliko tusi lolote. Kumbe ule wema wote ulikuwa na bei.

Rusimbi akawageukia watu. "Jamani, mtoto huyu nimemwondoa. Mama yake naye atoe vyungu vyake jikoni leo leo. Gwasa! Tangu sasa ghala ni lako. Njoo ufungue."

Watu wakapisha njia. Mke wa Gwasa alinyoosha shingo. Gwasa akaja polepole, akampita Bukuru bila kumtazama, akaweka mkono juu ya fundo la kamba. Bukuru alimtafuta mama yake katika umati, akamwona amejifunika mdomo kwa mikono miwili. Alijua yamekwisha. Mama amepoteza jiko, na watu watapoteza chumvi vilevile.

"Kabla sijafungua, Rusimbi," Gwasa alisema, mkono bado uko kwenye fundo, "niambie. Kijana kakosa nini?"

"Kaninyima chumvi."

"Chumvi ya nani?"

Rusimbi akawatazama wakwe, akawatazama watu wa majiko. Mwanamke mmoja akarudia, kwa sauti ndogo, "Ndiyo, baba, ya nani?" Na mwingine nyuma yake.

Gwasa akauondoa mkono kwenye kamba, akazishika ndevu zake, lakini safari hii alizishika kama kitu anachotaka kukitupa.

"Mwaka ule tuliozika watoto, nilikuwa nimesimama hapa hapa. Marehemu aliombwa na wakubwa, akatoa. Akaombwa tena, akatoa. Mimi nikatazama. Nilikuwa na ndevu hizi hizi, ndefu hivi hivi, na hazikuzuia hata punje." Kina mama waliozika walianza kulia, na wanaume hawakujua pa kuweka macho. "Mlisema ghala apewe mtu mzima. Leo mmemwona mtu mzima ni nani. Ghala hulindwa na kinywa, si ndevu. Rudi mlangoni, Bukuru."

Mkwe mkuu alikohoa. "Sisi tuliambiwa ni chumvi yako, Rusimbi," alisema. "Mahari ya kuibia watu haitatuletea wajukuu." Akawaashiria wapagazi, nao wakaibeba miti yao mitupu wakarudi walikotoka.

Mama yake Bukuru hakutoa chungu hata kimoja, maana watu wenyewe walisimama mbele ya jiko lake. Mtama ulinunuliwa kidogo kidogo mpaka jua likarudi, na masika yale hawakuzika mtoto kwa njaa. Mahari ile Rusimbi aliilipa kiangazi, kwa chumvi aliyoichemsha kwa mikono yake mwenyewe, na wengi walipita karibu na jiko lake makusudi wakamwone akipuliza moto. Na Bukuru hakuzungumza naye tena isipokuwa salamu. Hilo lilimsikitisha mpaka uzee wake, kwa kuwa alikuwa amempenda kweli.

Msidhani Gwasa alimpamba kijana kwa sifa. Watu walipotawanyika alimshika sikio. "Usivimbe kichwa. Ile 'nimesikia' yako ndiyo iliyowaleta wapagazi mlangoni. Kama ungekuwa mzoefu ungekataa siku ile ile, mkiwa wawili, na mzee wa watu asingevuliwa nguo hadharani. Na chumvi haipangwi ukutani, inapangwa juu ya fito. Njoo nikuoneshe." Wakaingia ndani pamoja, na inasemekana mke wa Gwasa hakumpikia mumewe siku mbili.

Kwa hiyo mkiniuliza kama ujana una uzito, una uzito. Ulimletea Bukuru hasara ya chumvi na hasara ya aibu. Lakini mambo hayo mzee Gwasa alimfundisha kwa siku moja. Lile jingine, la kumwambia mkubwa "siwezi", Gwasa hakujifunza maisha yake yote mpaka alipolisikia kwa mtoto.

Naam, wanatuita ndani. Yule binti nimempendekeza mimi, mnajua, na wapo wanaosema nimempendekeza kwa sababu bado mdogo atanitii. Basi mkiingia, acheni habari za miaka yake. Mwulizeni mbele yangu, kwa sauti, watu wote wasikie: mwenyekiti akija kwako na ombi lisilofaa, utamjibu nini? Nitamkodolea macho haya mnayoyaogopa. Akiinamisha kichwa, msimpe, hata nikiwaomba.

Ghala hulindwa na kinywa, si ndevu.