Mvuke Usioyumba

Mwenye pumzi hupuliza chai. Mmenisikia nikiyasema maneno hayo leo asubuhi, mkacheka, mkidhani ni utani wa wazee, kisha mkataka kujua nimeyaokota wapi. Basi kaeni. Methali hii ilizaliwa kwenye kikombe cha chai, katika nyumba ya watu wawili, na ilizaliwa hivi.

Kwenye miteremko ya Rungwe, miaka ile mashamba ya chai yalipokuwa bado machanga, aliishi mwanamke aitwaye Subilaga na mumewe Lwitiko. Walikuwa na mwaka mmoja tu tangu waoane. Lwitiko alikuwa mchumaji wa chai, na hakutoka nyumbani kamwe bila kuinywa. Wala hakutaka ya maziwa. Alitaka chai ya rangi iliyochemka mpaka ikakolea, kali ya kukausha ulimi, na gimbi la moto pembeni. Akiimaliza alishusha pumzi na kusema, "Sasa nimeamka."

Utotoni aliwahi kuungua ulimi, na tangu hapo hakunywa chai bila kuipuliza, mashavu yamejaa kama mtu anayewasha kuni mbichi. Subilaga alimcheka kila siku. Ilikuwa ndiyo furaha yao ya asubuhi.

Majira ya ukungu yalipofika, Lwitiko alitoka kwenda shambani asirudi. Watu walimtafuta siku tisa, mabondeni na kandokando ya mto, wakaokota kikapu chake tu. Hapakuwa na mwili, kwa hiyo hapakuwa na matanga. Subilaga akabaki hajui ajiite mke au mjane.

Siku ya kumi, alfajiri imekwisha kupambazuka na ukungu umeziba madirisha, alikuwa ameinjika chai kwa mazoea tu. Mlango ukasukumwa. Lwitiko akaingia, umande umemtapakaa kichwani, akaketi kwenye kigoda chake.

"Chai iko tayari?" akauliza.

Subilaga alikichukua kikombe cha mumewe. Maswali yalimjaa kinywani, lakini aliogopa kwamba akiuliza hata moja, mume wake ataondoka. Akamimina chai. Lwitiko akakinyanyua kikombe kinachofuka, akakimaliza kwa mkupuo mmoja.

"Bado sijaamka," akasema. "Nisindikize."

Siku hiyo Subilaga alimsindikiza mpaka mlangoni. Kesho yake Lwitiko alikuja tena, akanywa vilevile, na mkewe akamsindikiza mpaka kwenye ua. Siku ya tatu wakafika mstari wa kwanza wa michai, na ukungu ukammeza mumewe mbele ya macho yake. Kila siku walikwenda mbele kidogo. Subilaga hakumwambia mtu. Chai yake mwenyewe ilipoa kikombeni bila kuguswa, na hata alipokaa karibu na moto mwili wake haukupata joto. Alikuwa akingoja asubuhi tu.

Ng'ambo ya kilima aliishi Gwantwa, mama yake Lwitiko. Alisikia kwamba mkwewe haonekani tena shambani wala kisimani, naye akaja kumwangalia, akalala hapo. Asubuhi alimkuta akipanga vikombe vitatu.

"Cha tatu cha nani, mwanangu?"

"Cha mwanao, mama. Huja kila siku."

Gwantwa akakitazama kikombe cha tatu. Mlango ulisukumwa, na mwanawe akaingia na umande kichwani.

"Mama," akasema. "Umekuja."

Mama yule alitaka kumkimbilia. Tayari alikuwa amekwisha kunyoosha mikono. Lakini alimwona akikinyanyua kikombe kilichotoka kumiminwa, na mikono yake ikasimama hewani.

"Ngoja, baba. Puliza kwanza. Utaungua."

"Haina moto, mama."

"Imetoka jikoni sasa hivi. Puliza, kama ulivyozoea."

Lwitiko alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo alilolisahau. Akajaza mashavu, akapuliza. Mvuke ulipanda wima, kama uzi uliofungwa darini. Akapuliza tena, kwa nguvu, mdomo ukiwa karibu kugusa chai. Mvuke haukuyumba, wala chai haikucheza.

Akakiweka kikombe chini. "Mke wangu," akasema, "leo tufike mwisho wa shamba."

Subilaga akainuka. Gwantwa akamdaka mkono, akamsogezea kikombe kingine mdomoni.

"Puliza wewe!"

"Mama, niache."

"Puliza, nakuambia!"

Subilaga akapuliza. Mvuke ukapinda, ukampiga Gwantwa usoni, wa moto na wenye harufu ya chai. Mama yule akafumba macho kwa kitambo. Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti yake ilikuwa ile ya kubembeleza mtoto alale.

"Mwanangu, pumzi yako ya kwanza niliisikia mimi. Sasa huna tena. Mwenye pumzi hupuliza chai. Mwache huyu. Tuambie ulipo, tuje tukulaze."

Lwitiko aliinamia kikombe chake.

"Pana baridi, mama," akasema. "Mwisho wa shamba, chini ya mawe, pale palipoporomoka."

Akasimama, akatoka, mlango akauacha wazi. Subilaga alipiga kelele akitaka kumfuata, lakini Gwantwa alimkumbatia kwa nguvu zake zote, wakaanguka pamoja sakafuni, na hakumwachia mpaka jua lilipotoka na ukungu ukainuka.

Watu walimkuta pale pale. Ukingo wa shamba ulikuwa umekatika, na chini yake ni korongo. Nyayo za Subilaga za asubuhi iliyopita zilionekana kwenye udongo, zimeishia dhiraa tatu kutoka ukingoni. Zilikuwa za mtu mmoja.

Lwitiko akazikwa jioni hiyo. Siku tatu za matanga Subilaga alikaa kwenye jamvi bila kula wala kulia. Asubuhi ya tatu, wanawake walipogawa chai, Gwantwa alimletea kikombe mwenyewe, macho yamemvimba.

"Kunywa."

"Siwezi, mama. Yeye amelala kwenye baridi."

"Najua alipolala. Ni mwanangu." Akaketi kando yake kwenye jamvi. "Lakini mwenye pumzi hupuliza chai."

Subilaga alikishika kikombe mpaka joto likamwingia viganjani. Kisha akapuliza. Akanywa funda moja, kali, chungu, la moto, na hapo ndipo machozi yake ya kwanza yalipotoka. Gwantwa naye akalia. Wanawake waliokuwa wakigawa chai waliyasikia maneno yale, wakayachukua kila mmoja nyumbani kwake.

Kwa hiyo ukimwona mtu ameketi na waliokwisha kwenda, chai yake inapoa mbele yake, usimhubirie mengi. Keti karibu naye, mtilie nyingine ya moto, umwambie: mwenye pumzi hupuliza chai.