Wa Mwisho Yuko Nyuma

Hadithi iingie?
— Iingie, tumeisogezea kiti!
Ije na baridi yake?
— Ije nayo, tumewasha moto!

Mnaitikia kama watu walioshiba. Haya, tulieni. Na wewe unayecheka huko, cheka sasa hivi umalize, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Hapo kale palikuwa na mlima ukiitwa Ndighi. Chini jua, katikati mvua, juu kabisa msitu uliokaa ndani ya wingu mwaka mzima. Miti yake imeota ndevu za kijani. Maua yake yanaota juu ya matawi, udongo hayaujui. Vinyonga wake wana pembe. Watu walitoka mbali kuja kutembea huko, hao ambao leo mnawaita watalii.

Lakini msitu ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Ukungu. Ukungu hakukataza wageni. Alitaka kitu kimoja tu: katika kila msafara, yule anayetembea mwisho ni wake. Akimchukua, haonekani tena, hata kiatu chake hakipatikani.

Mtasema, basi watu waliisha! Hawakuisha. Watu wa Ndighi walikuwa wajanja. Kiongozi wao hakutangulia, alitembea nyuma ya wageni wote. Ukungu akija humuuliza, "Wewe ndiye wa mwisho?" Kiongozi hujibu, "Wa mwisho yuko nyuma, anakuja." Huulizwa mara tatu, hujibu mara tatu. Basi Ukungu hukaa njiani kumsubiri huyo anayekuja. Na haji mtu! Wageni na kiongozi wao wanateremka, wanafika nyumbani, wanakula.

Ndiyo maana palikuwa na mwiko: msafara ukishapanda, asitokee wa kuufuata. Hata nyumba iungue. Kwa nini? Si mnaona wenyewe.

Siku hizo kiongozi alikuwa Mkamburi, binti wa mzee Mwaluma. Mzee aliifanya kazi hiyo mpaka goti likamgomea. Mguu wa kushoto akawa anauburuta, na kifua hakikumpa nafasi, kukohoa tu. Mkamburi hakuwa na mama, hakuwa na ndugu, hakuwa na mume. Alikuwa na baba. Kila asubuhi alimchotea maji, akampikia uji, akamwambia, "Baba, jua likifika utosini nimerudi." Na likifika utosini, alirudi.

Siku moja akaja Mbarouk, mfanyabiashara wa nguo kutoka tambarare, pamoja na rafiki zake wawili. Mbarouk huyo, jamani! Mdomo haukai.

"Kiongozi gani anatembea nyuma?" akauliza. "Ananiongoza yeye, au namwongoza mimi?"

"Tembea tu, bwana," Mkamburi akasema. "Njia ni moja. Nikiulizwa kitu huko juu, nyamazeni. Msijibu, msicheke."

"Tumesikia, dada. Wewe tupeleke."

Wakapanda. Wakafika kwenye maua. Wakatazama, wakanusa, wakashangaa. Mkamburi akasema, "Turudi."

"Bado!" akasema Mbarouk.

Wakapanda. Wakafika kwenye maporomoko ya maji. Wakatazama, wakanywa, wakashangaa. Mkamburi akasema, "Turudi, jua limefika utosini."

"Bado! Nataka kuona wingu linapozaliwa. Nimetoka mbali mimi."

Hapo angekataa. Laiti angekataa! Lakini alikuwa mtu wa kuona haya mbele ya wageni, akawaza, kuchelewa kidogo si neno, baba atasubiri. Wakapanda mpaka juu kabisa. Unajua waliona nini? Weupe. Weupe na baridi, basi. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama walipogeuka.

Ndipo Ukungu akaja. Alikuja mzito, kiasi kwamba ukinyoosha mkono huoni vidole vyako. Akamkaribia Mkamburi sikioni.

"Wewe ndiye wa mwisho?"

"Wa mwisho yuko nyuma, anakuja."

"Wewe ndiye wa mwisho?"

"Wa mwisho yuko nyuma, anakuja."

"Wewe ndiye wa mwisho?"

Kabla Mkamburi hajafumbua kinywa, Mbarouk akaangua kicheko. "Huyo wa nyuma naye! Anakuja, anakuja, na hafiki! Au amebeba mlima kichwani?"

Ukungu akasimama. Msitu mzima ukanyamaza, hata maji hayakusikika.

"Anacheka nini?" Ukungu akauliza. "Wazee wenu waliniambia anakuja. Nimesubiri mpaka nimechoka. Haya, binti, niambie. Huyo aliye nyuma yukoje?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuulizwa. Jibu lake halikufundishwa. Mkamburi alibanwa, na mtu akibanwa hivyo hatungi, husema kilicho karibu na moyo.

"Ni mzee," akasema. "Anachechemea. Mguu wa kushoto anauburuta. Anakohoa."

"Vizuri," akasema Ukungu. "Sasa nitamjua."

Wakashuka mbio, wanateleza, wanaanguka, wanainuka. Mkamburi akijiambia njia nzima: baba yuko nyumbani, mwiko anaujua, ndiye aliyenifundisha. Wakatoka msituni. Wakaona majani, wakaona mashamba, wakaona jua. Mbarouk akapiga makofi. "Tumemweza! Dada, wewe ni mwongo hodari!"

Mkamburi akacheka. Ndiyo, alicheka, alikuwa na furaha ya kuwa hai.

Kicheko hakijaisha, akasikia mtu anakohoa. Kikohozi kilitoka ndani ya msitu.

Mzee Mwaluma aliona jua limepita utosini, mwana hajarudi. Alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Mwisho akachukua mkongojo wake na blanketi, kwa kuwa huko juu kuna baridi na mwanawe alitoka bila kujifunika vizuri, akapanda kwa njia ya mkato waliyoijua viongozi wa zamani. Walipishana ndani ya ukungu bila kuonana. Mwiko aliujua kuliko yeyote. Lakini mtoto ni mtoto, nyie.

Mkamburi akasikia Ukungu akiuliza, "Wewe ndiye wa mwisho?"

Na sauti ya baba yake, tulivu kabisa: "Wa mwisho yuko nyuma, anakuja."

"Si wewe? Nimeambiwa ni mzee. Nimeambiwa anauburuta mguu wa kushoto. Nimeambiwa anakohoa."

Mkamburi akapiga yowe, "Baba, kataa! Baba, kataa!" Akakimbilia msituni, wale wageni wakamshika, akawauma mikono.

Mzee akauliza, "Aliyekuambia hayo, ametoka?"

"Ametoka."

"Salama?"

"Salama. Namsikia anapiga kelele huko."

"Basi ni mimi," akasema Mwaluma.

Mkamburi aliponyoka akaingia. Alitafuta mpaka sauti ikakauka. Hakupata mkongojo, hakupata blanketi, hakupata kitu. Mbarouk alisimama nje, kisha akateremka na rafiki zake. Sisi hatukumsikia tena huyo, wala hatumhitaji.

Kesho yake Mkamburi akapanda peke yake. Ukungu akaja, akamzunguka, akampita. Mkamburi akamwita, "Mbona huniulizi? Mimi ndiye wa mwisho!"

Ukungu hakusimama.

"Mimi ndiye wa mwisho! Nichukue!"

Hakusimama.

"Nichukue, nimekuambia! Nyuma yangu hakuna mtu!"

Ukungu akajibu kutoka mbali, "Rudi nyumbani, binti. Nilikuwa namsubiri mmoja tu, na amefika."

Basi, tangu hapo mtu yeyote anapanda Ndighi na kushuka. Wanapiga picha, wanacheka, wanatembea mbele au nyuma wanavyotaka. Mkamburi aliwaongoza mpaka akazeeka. Alitembea nyuma yao siku zote, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nimeutua mzigo.
— Umetua!
Mwenye mabega aubebe.
— Tumeubeba!
Mimi naenda kulala.