Saa ya Kanga na Ufunguo wa Meno Matatu

Ukiuliza bei, uliza na mrithi.

Ndivyo alivyosema mjomba wenu Hoza mchana huu, Nyange alipomwonyesha kwenye simu ile saa anayotaka kuiagiza, ya fundi mmoja huko mbali anayetengeneza saa chache kwa mwaka na kuziuza kwa bei ya ng'ombe. Nyange aliuliza kama kweli ina thamani ya fedha zote hizo. Hoza hakusema ndiyo wala hapana. Alitoa methali, akachukua ndoo yake akaenda kuoga, nanyi mmenijia mimi mkitaka kujua mrithi anaingiaje kwenye saa.

Haya, kaeni. Lakini kwanza nawategea: watatu wanafukuzana kwenye uwanja mmoja, hakuna anayechoka wala anayefika. Ndiyo, akrabu za saa. Leo mmekuwa wepesi. Basi methali hii ilikuwa na mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Palikuwa na mtu hapa hapa Korogwe aliyeitwa Sefu Mhina. Kazi yake ilikuwa ushonaji, lakini watu walimjua zaidi kwa sauti, maana alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwake. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu yake. Mhina hakuwa na shamba la kujivunia wala nyumba ya bati. Adhana ndiyo iliyokuwa mali yake.

Zamani hizo mwadhini alikuwa na desturi. Jioni jua likizama waziwazi, alirudisha akrabu zote mbili kwenye kumi na mbili, kama mtu anavyokung'uta mkeka na kuutandika upya. Ikija siku ya mawingu, jua lisionekane, aliifuata saa. Kwa hiyo saa ya mwadhini haikuwa pambo. Mwezi wa Ramadhani mji mzima ulikaa na tende mkononi ukiingoja.

Saa ya marehemu baba yake ilipotumbukia kisimani, wazee wa msikiti walichanga, wakampa Mhina fedha za kununulia nyingine. Zilitosha saa moja nzuri ya dukani, si zaidi. Mhina akaondoka kwenda dukani, lakini njia ilipita barazani kwa fundi Kihiyo.

Kihiyo alikuwa fundi wa namna yake. Aliagiza mashine za saa kutoka Ulaya, zikaja tupu kwenye vikopo, naye akazitengenezea mwili. Uso wa saa aliuchora mwenyewe, na kwenye kila uso akaweka ndege mmoja mdogo, kanga mwenye madoa. Watu wakaziita saa za kanga. Mwaka mzima alimaliza chache tu.

Mhina aliichukua moja, akaigeuza, akaiweka sikioni.

"Bei gani hii, fundi?"

Kihiyo akataja. Ilikuwa zaidi ya mara tatu ya saa ya dukani.

"Kwa bei hiyo inaadhini yenyewe?"

"Haiadhini. Itakuacha wewe uadhini kwa wakati."

"Singano mchinjaji anasema tumbo lake ni lile lile la saa za dukani."

"Singano hasemi uongo," alisema Kihiyo, naye hakukasirika. "Mashine zatoka huko huko. Lakini ya dukani ilifungwa na mtu mwenye haraka. Hii nimeifungua, nimesugua jino baada ya jino, nimeipima mpaka nikaichoka. Halafu tazama mgongoni. Vumbi la mkonge haliingii hapa, jasho haliingii. Mfuniko wangu hufunguka kwa ufunguo wangu tu."

Akamwonyesha kijiufunguo cha shaba chenye meno matatu, kilichoning'inia kwenye ukanda wake.

"Na kila mwezi wa Shaabani," akaongeza, "utaniletea niifungue, niisafishe, niitie mafuta, uingie nayo Ramadhani ikiwa mpya. Hiyo imo ndani ya bei."

Mhina alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza habari za kioo kikigongwa. Aliuliza habari za mvua. Aliuliza ukanda ni ngozi ya nini na kamani inayoiendesha saa inakaa muda gani kabla ya kukatika. Kila swali lilipata jibu lake. Jioni ile akarudi nyumbani na saa ya kanga mkononi, baada ya kujazia mchango wa wazee kwa akiba ya mabati ya jiko.

Mkewe, Mwantumu, aliitazama ile saa, akatazama juu kwenye makuti ya jiko yaliyotoboka.

"Vizuri, baba," alisema. "Mvua ikinyesha nitafunikia sufuria hiyo hiyo saa."

Lakini msemeni Mhina vyovyote, saa ilitembea. Mwaka wa kwanza ilitembea, wa pili ikatembea, na kila Shaabani Kihiyo aliifungua, akaisafisha, akamrudishia. Siku za mawingu Mhina akiadhini, mawingu yakipasuka baadaye kidogo, watu waliona wekundu wa magharibi ulivyo na kujua kwamba hawakudanganywa. Hata Singano, aliyekuwa na saa ya dukani, alianza kupita kwa Mhina kuuliza saa ngapi, huku akijifanya amekuja kutia kiraka suruali. Mwantumu naye alipata mabati yake, na maneno yakaisha.

Kisha Kihiyo akafariki. Homa ilimkuta mwezi wa Rajabu, na Rajabu haikuisha naye. Watu walimzika, wakamsifu. Nduguye mdogo akauza koleo na tupa zake sokoni, na baraza ikabaki na kigoda kimoja kisicho na mtu.

Shaabani ilipofika, Mhina aliipeleka saa kwa fundi mwingine, mzee Mbelwa, aliyekaa na kijisanduku chake nje ya soko. Mbelwa aliigeuza mara mbili, akaigusa mgongo kwa ncha ya bisibisi, akaiacha.

"Hii haina pa kuingilia, mwadhini. Nikiilazimisha nitaipasua."

"Ingekuwa ya dukani?"

"Ya dukani ningekufungulia hapo hapo ulipo, umesimama."

Singano alikuwa karibu, na kitu kama hicho hakikumpita. Siku ya pili mtaa mzima ulikuwa na kitendawili kipya: nimenunua nyumba, fundi amekufa na mlango. Jibu lake, saa ya Mhina.

Mhina akavumilia. Saa bado ilikuwa inatembea, naye akajiambia kwamba anayetembea si mgonjwa. Hapo ndipo alipokosea. Ndani humo mafuta yalikuwa yamezeeka, yamekuwa kama gundi, yametambaa mpaka kwenye ile kamani ndogo nyembamba kama unywele, mizunguko yake ikashikana. Kamani ya namna hiyo ikishikana, saa haichelewi. Inakimbia.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia kwenye masika. Mawingu yalishuka, yakakaa. Jioni baada ya jioni jua halikuonekana, na Mhina hakupata pa kurudishia akrabu zake. Kila siku saa iliiba dakika kidogo, zikajumlishana. Angeweza kwenda stesheni kuitazama saa ya ukutani, na Mwantumu alimwambia aende, lakini Mhina alikataa. Mji hauwezi kufuturu kwa filimbi ya treni, alisema. Babu yake hakuuliza stesheni.

Jioni moja, akrabu zilipokutana kwenye kumi na mbili, Mhina alipanda ngazi, akaweka mikono masikioni, akaadhini. Chini yake mji ukanyoosha mikono. Tende zikaingia midomoni, uji ukanywewa, watoto wakagombea mihogo. Alipofika kwenye maneno ya mwisho, upepo ulivuma, mawingu ya magharibi yakafunguka kama pazia, na jua likaonekana limekaa juu ya vilima, zima, jekundu, halijagusa hata miti.

Mhina alilitazama. Watu uani walilitazama. Walitema walichoweza kutema, wakarudisha bakuli chini, lakini mfungo ulikuwa umeshakwenda. Siku ile mji mzima ingebidi uilipe.

Baada ya sala wazee walikaa barazani. Bibi mmoja mgonjwa wa miguu, aliyekuwa akifunga kwa taabu, alipita mbele yao akasema tu, "Siku nyingine mimi nitaitoa wapi, mwanangu Sefu?" akaendelea na njia yake. Maneno hayo yalimuuma Mhina kuliko yote yaliyofuata.

"Kanga ametaga yai viza," alisema Singano. "Tulisema tangu mwanzo. Bei ya saa tatu, na haitoshi hata moja."

Shehe Kilua, imamu wao, alimnyamazisha kwa mkono.

"Sefu, uliponunua saa hii uliuliza bei?"

"Niliuliza, shehe."

"Uliuliza habari za kioo?"

"Niliuliza."

"Mvua? Jasho?"

"Vyote niliuliza."

"Uliuliza nani ataifungua siku ambayo Kihiyo hayupo?"

Mhina aliangalia ncha za vidole vyake, vilivyojaa alama za sindano.

"Hilo sikuuliza."

"Wala sisi hatukukuuliza," alisema Shehe Kilua. "Saa ilikuwa nzuri, wote tulinufaika nayo. Lakini adhana ya magharibi itasomwa na mpwa wa Singano, mpaka utakapokuwa na saa ambayo mtu aliye hai anaweza kuifungua."

Hivyo ndivyo Mhina alivyopoteza kile alichoachiwa na baba yake. Magharibi alikaa safu ya nyuma, akisikiliza sauti ya mwingine, na sauti yenyewe ilikuwa ya puani.

Mwantumu akamshauri anunue ya dukani, mambo yaishe. Mhina akakubali. Baada ya Idi aliichukua saa ya kanga, akaenda kwa mjane wa Kihiyo kumuuliza ni nani anayenunua kwa uzani madini ya fedha ya jumba lake, yaani mwili wa saa, ili apate cha kuanzia. Mjane alimkaribisha. Binti yao Zaituni, mwanamke mtu mzima aliyerudi kutoka Muheza baada ya kuachika, alikuwa akifungua kabati, na kwenye shada lake la funguo Mhina akaona shaba yenye meno matatu.

"Huo ufunguo!"

"Wa baba," alisema Zaituni. "Baba mdogo alisema hauna mnunuzi, nikauweka."

Akaipokea saa, akatia ufunguo, akazungusha. Mfuniko ukatoka kama kifuniko cha chungu. Wote watatu wakainama. Ndani palikuwa na utandu wa mafuta, mweusi.

"Unaweza kuitengeneza?" Mhina aliuliza.

"Kuifungua naweza. Kuitengeneza sijui. Nilimwomba anifundishe, tena si mara moja. Aliniambia ngoja, bado nina nguvu."

Mjane akasema, bila kumlaumu mtu:

"Walikuja watu barazani hapa mwaka hadi mwaka. Wote waliuliza bei. Wengine walibishana mpaka chai ikapoa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, fundi, kazi hii unamwachia nani? Angeulizwa na mteja, angemtazama huyu aliyekaa nyuma yake. Mimi nilimuuliza, lakini maneno ya mke yalikuwa ya kila siku."

Mhina alikuwa amekuja kuuza fedha kwa uzani. Akaisukuma saa mbele ya Zaituni.

"Jifunzie hii."

"Nikiivunja?"

"Ilishavunjika, mwanangu. Imevunja na mfungo wa mji mzima."

Zaituni akacheka, na mama yake akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kesho yake Zaituni alikwenda kwa mzee Mbelwa nje ya soko. Yeye alikuwa na ufunguo, Mbelwa alikuwa na ujuzi, na kila mmoja aliona wazi anachokosa. Wakaanza.

Haikuwa kazi ya siku mbili. Zaituni alikata kamani moja, akapoteza parafujo, akaililia, akaiona kwenye ukosi wa gauni lake. Mhina alisubiri, akiwa safu ya nyuma, akisikiliza ile sauti ya puani. Saa ya dukani hakununua. Mwantumu alimwambia ana kichwa cha jiwe, naye akajibu kwamba jiwe halipotei njiani.

Shaabani iliyofuata Zaituni alimrudishia saa ya kanga. Mhina aliibeba mbele ya Shehe Kilua, na Zaituni mwenyewe akaifungua pale pale barazani, akaifunga. Ramadhani ile mji ulifuturu kwa sauti ya Mhina.

Zaituni akaichukua baraza ya baba yake, akaanza kutengeneza saa za kanga, na bei yake haikuwa ndogo. Mhina alihamishia cherehani yake upande wa pili wa njia. Na mteja wa kwanza alikuwa nani? Singano.

"Bei gani hii, Zaituni?"

Zaituni akataja. Singano akashika kichwa. Kutoka ng'ambo, bila kuinua macho kwenye pindo, Mhina akasema:

"Ukiuliza bei, uliza na mrithi."

Singano akaguna. "Haya, mama, mrithi wako nani?"

Zaituni akaonyesha kigoda cha pili, alipokuwa amekaa binti wa dada yake akisugua jumba la saa kwa majivu. Kisha akatoa funguo mbili za meno matatu, mpya.

"Huu unaondoka na saa yako. Wa pili atakaa nao mzee Mbelwa. Nikifa leo jioni, kesho asubuhi saa yako inafunguka."

Singano aliilipa yote, akabishana kidogo tu, kwa heshima ya desturi.

Sasa, Nyange, umeuliza kama saa ya huyo fundi wako ina thamani ya bei yake. Mimi sijui, na Hoza hajui. Mwandikie mwenyewe. Muulize nani anaifungua siku ambayo yeye hayupo, na kama ufunguo ni mmoja au wako wengine. Akikujibu vizuri, uza hata ng'ombe wako ununue, sitakucheka. Akinyamaza, kanunue ya dukani ambayo kila fundi wa barazani anaijua. Na usidhani utakuwa umemsumbua bure. Pengine nyuma yake amekaa mtu anayengoja kuambiwa njoo, na hakuna mteja aliyewahi kumgeuza shingo amwone.

Ukiuliza bei, uliza na mrithi.