Jini wa Mitungi ya Zabarji

Katika mji wa Zabarji, ulio nyuma ya milima ambayo njia yake imesahaulika, alitawala Sultani Mundhiri, mtu mkarimu kupita kiasi, na ukarimu wake, wallahi, ulichosha. Kwani alikuwa na pete, na pete ilikuwa na jini, jina lake Shamhari, na jini huyo, aliyeweza kung'oa mlima, alipewa kazi ya kutunza mitungi ya nafaka, kila mmoja mkubwa kama chumba.

Na Shamhari aliifanya kazi barabara. Alianika nafaka juani mpaka punje ikiumwa kwa jino inalia ta, akaichanganya na jivu lililopoa, akajaza mitungi mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi, akaiziba kwa nta, akaipandisha juu ya vichanja mbali na ukuta wenye unyevu. Kisha akaja mgeni.

Desturi ya Zabarji ilikuwa mgeni anyunyiziwe marashi mikononi, apandishwe ngazi, afunguliwe mtungi, na autumbukize mkono mpaka kiwikoni, ajue mwenyeji wake hana njaa. Mkono uliolowa, msomaji wangu, ndani ya mchele mkavu. Haukupita muda mchele ukaota ukungu, na wadudu fukusi wakahamia humo na jamaa zao.

"Ewe Shamhari," akanena Sultani, "mbona watuozeshea chakula?"

"Ewe Sultani mtukufu, mimi naziba, wewe wazibua. Nifanyeje?"

"Ongeza bidii."

Na wageni wakazidi, na mvua zikakatika, na mitungi ikaharibika mmoja baada ya mwingine, hata ukabaki mmoja tu wa mtama, wa kuuvusha mji mpaka mavuno. Sultani akaapa kwamba huo nao ukioza, Shamhari atatiwa chupani na kutupwa kisimani milele. Jini akameza hasira zake, maana pete ni pete.

Ndipo akawasili Nasibu bin Hilali, mwana wa mfalme wa nchi jirani, kumposa Badriya binti Sultani. Sultani akaagiza marashi, akaagiza ngazi. Shamhari akapanda kuzibua, machozi yakimtoka kwa uchungu.

Badriya, aliyekuwa nyuma ya pazia, akachoka kuvumilia, akatoka.

"Baba, kila siku kiumbe huyu akueleza na humsikii. Nawe mgeni, kama wanitaka, niamini bila kuchovya mkono."

Nasibu akaitazama mikono yake inayochuruzika marashi. Kuukataa mtungi kulikuwa kumtukana mwenye nyumba, na wapo waliokatwa vichwa kwa hilo.

"Sultani mtukufu," akasema, "kwetu tuna desturi hii hii, na mwaka mzima tumekula kunde zenye fukusi. Naogopa kukukosea, ila naogopa zaidi kuzila tena." Akajifuta mikono kwenye joho lake la posa, akaketi.

Sultani akainua uso kwenye ngazi. "Shamhari," akasema, "shuka."

Basi wakaoana, na mtama ukauvusha mji, na mvua zikarudi na neema tele. Sultani akamwacha huru jini wake. Shamhari akaruka kwa furaha, na kabla hajafika lango la mji akasikia sauti ya Sultani ghalani ikisema, "Tuchungulie kidogo tu." Akarudi.

"Lete hiyo pete," akasema, akaivaa yeye, asiamriwe tena kuzibua.

Nawe uliye na akiba nyumbani, ikaushe, izibe, kisha ukae mbali nayo. Mgeni asiyekuamini ataamini ukimpakulia.